GHARAMA ZA KUYABADILISHA MALORI YA SERIKALI YATUMIE GESI NA NISHATI NYENGINE: MFANO WA WILAYA YA BAHI

Kwa muda mrefu sasa maafisa usafirishaji, wahasibu wa Serikali na wananchi wa kawaida wamekuwa wakiuliza swali moja: ikiwa gesi asilia inachimbwa hapa nchini, na bei yake ni ndogo kuliko ya dizeli, kwa nini malori ya Serikali yanaendelea kutumia mafuta yanayoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni? Maelezo yafuatayo yanatolewa ili kulifafanua suala hilo. Wilaya ya Bahi, Mkoa wa Dodoma, imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu iko mbali na pwani, na kwa hiyo inaonesha bayana gharama ambazo mtu anayeishi karibu na kituo cha gesi hawezi kuziona.

MAHALI NA KAZI

Bahi iko upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 60 katika barabara kuu iendayo Manyoni na Singida. Ilianzishwa kuwa wilaya kamili mwaka 2007, baada ya kugawanywa kwa iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya kiangazi, ingawa bonde na mbuga yake huwapatia wakulima mpunga katika mashamba ya umwagiliaji.

Katika mazingira ya namna hiyo lori la Serikali ni chombo cha lazima. Ndilo linalobeba kokoto na mchanga wa ujenzi wa madarasa, saruji ya zahanati, dawa na vifaa, mbegu na mbolea, taka za mji mdogo, na katika kiangazi kikali maji ya kunywa. Lori likisimama kwa wiki moja kwa kukosa mafuta au kipuri, kazi inayosimama ni ile ambayo mwananchi anaihitaji siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo kila pendekezo la kubadilisha nishati lapasa kupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja: fedha zitakazookolewa, na uhakika wa lori kufanya kazi.

GESI ILIPO NA SERIKALI ILIPO

Gesi asilia ya Tanzania iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na baadaye katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Kituo cha mwanzo cha kujazia magari kilijengwa Ubungo. Miaka ya karibuni vituo vimeongezeka jijini Dar es Salaam, wenye teksi na bajaji wamebadilisha vyombo vyao kwa wingi, na mwaka 2025 mabasi yatumiayo gesi yaliingizwa katika njia ya Mbagala ya mradi wa mabasi yaendayo haraka.

Serikali, kwa upande wake, imekwenda bara. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukatiliwa nguvu upya mwaka 2016, na mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya nchi. Wizara nyingi sasa ziko Mtumba. Matokeo yake ni kwamba magari mengi ya Serikali yamehamia mahali ambako bomba la gesi halijafika. Gesi inayotakiwa kutumika Dodoma haina budi ishindiliwe pwani, ipakiwe katika mitungi mikubwa juu ya malori, na isafirishwe kwa barabara masafa ya kilomita zipatazo 450. Kila kilomita ya safari hiyo huongeza kitu katika bei ya kilo moja.

GHARAMA YA KWANZA: LORI LENYEWE

Watu wengi hukisia gharama za lori kwa kutazama gari ndogo. Jambo hilo lina kasoro. Gari ndogo hutumia petroli, na injini ya petroli huwasha mafuta kwa plagi. Gesi nayo huhitaji cheche, kwa hiyo fundi aliyefunzwa huongeza mtungi, mabomba, kifaa cha kupunguza mgandamizo na kompyuta ndogo ya kuongoza gesi, na injini yenyewe haiguswi ndani. Gari hubaki na uwezo wa kurudi kwenye petroli wakati wowote.

Injini ya dizeli haina plagi. Hewa hushindiliwa mpaka ikawa ya moto sana, na dizeli huwaka yenyewe inapopulizwa ndani. Gesi haiwaki kwa urahisi kwa njia hiyo. Kwa hiyo ziko njia mbili za kulibadilisha lori la zamani. Njia ya kwanza ni ya mchanganyiko, ambapo dizeli kidogo huendelea kupulizwa ili iwashe gesi. Lori huokoa sehemu tu ya dizeli, na gesi ikiisha njiani huendelea na safari kwa dizeli peke yake. Njia ya pili ni kuifungua injini, kubadilisha pistoni, kutoboa nafasi za plagi na kuweka mfumo mpya wa umeme. Lori hutumia gesi tupu, na gesi ikiisha lori husimama. Njia hii ya pili ni ghali, na kwa lori kuukuu mara nyingi haina faida. Ipo pia njia ya tatu, nayo ni kununua lori jipya lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gesi.

Pamoja na hayo kuna uzito. Gesi huwekwa kwenye mitungi kwa mgandamizo wa takriban bar 200, na hata hapo hujaza nafasi kubwa mara nne hivi kuliko dizeli yenye nguvu sawa. Mitungi sita ya chuma, kila mmoja wa lita 80, huchukua kilo 80 hivi za gesi, nayo mitungi mitupu ina uzito unaokaribia nusu tani. Lori la tani kumi lililofungwa mitungi hiyo limepoteza nusu tani ya mzigo katika kila safari, na safari za kubeba kokoto zitaongezeka kwa kadiri hiyo.

Ifahamike pia kwamba mtungi wa gesi ya kupikia hauwezi kutumika badala ya mtungi wa gari. Gesi ya kupikia huhifadhiwa kwa mgandamizo mdogo mno ukilinganisha na bar 200, na kuujaza mtungi wake kwa gesi iliyoshindiliwa ni kutengeneza bomu. Mitungi ya magari hukaguliwa kwa vipindi maalumu na huwa na mwisho wa umri wake. Ukaguzi huo nao ni gharama, na lazima uingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

GHARAMA YA PILI: KUIFUATA GESI

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufafanua tu. Si hesabu ya halmashauri yoyote, na bei zilizomo ni za kukisia.

Na ichukuliwe kwamba lori moja la Bahi linatembea kilomita 24,000 kwa mwaka na kutumia lita moja ya dizeli kwa kila kilomita tatu. Matumizi yake ni lita 8,000. Kwa bei ya shilingi 2,900 kwa lita, dizeli ya mwaka ni shilingi milioni 23.2.

Lori hilo likibadilishwa kwa njia ya mchanganyiko na kuokoa nusu ya dizeli, lita 4,000 zitaachwa. Kilo moja ya gesi ina nguvu zaidi ya lita moja ya dizeli. Ikikisiwa kuwa inachukua nafasi ya lita 1.2, zitahitajika kilo 3,333 za gesi. Katika vituo vya Dar es Salaam kilo moja iliuzwa kwa takriban shilingi 1,550 mwaka 2023. Ikiongezwa gharama ya kuifikisha Dodoma na kufanywa shilingi 2,000, gesi yote itagharimu shilingi milioni 6.67. Dizeli iliyoachwa ingegharimu shilingi milioni 11.6. Kwa hiyo faida ya mwaka ni shilingi milioni 4.93.

Hapo ndipo wengi huishia. Lakini kituo, hata kikiwa Dodoma mjini, kiko kilomita 60 kutoka Bahi. Kwenda na kurudi ni kilomita 120, yaani lita 40 za dizeli zenye thamani ya shilingi 116,000. Lori lenye mitungi ya kilo 80 litajazwa mara 42 kwa mwaka. Iwapo kila mara litakwenda Dodoma kwa ajili ya gesi tu, safari hizo zitagharimu shilingi milioni 4.87. Faida yote ya mwaka imekwisha barabarani, na bado posho ya dereva, matairi na siku 42 za kazi hazijahesabiwa. Safari hizo zikihesabiwa kwa mchanganyiko wa gesi na dizeli, kila safari itakuwa nafuu lakini idadi ya safari itaongezeka, na jumla itabaki karibu ile ile.

Ikiwa nusu ya safari hizo zitaunganishwa na shughuli nyengine zinazolipeleka lori Dodoma kwa vyovyote, faida itakuwa shilingi milioni 2.5 hivi. Kama gharama ya kulibadilisha lori ni shilingi milioni 15, fedha hizo zitarudi baada ya miaka sita. Kama kungekuwa na kituo Bahi penyewe, zingerudi baada ya miaka mitatu. Na kama lori linatembea kilomita 8,000 tu kwa mwaka, hata kituo kikiwa Bahi zitahitajika miaka tisa. Lori kuukuu huenda likauzwa kwa mnada kabla ya muda huo.

Funzo la hesabu hii ni kwamba bei ya kilo moja ya gesi haitoshi kufanyia uamuzi. Mambo mawili yana uzito mkubwa zaidi: umbali wa kituo na kilomita ambazo lori linatembea kwa mwaka. Lori lifanyalo kazi kila siku karibu na kituo hulipa gharama zake mapema. Lori lililo mbali na kituo, lifanyalo kazi kwa msimu, halilipi.

FEDHA ZA NANI ZINAOKOLEWA

Bei ya dizeli ndani yake mna kodi na tozo, zikiwemo za barabara, reli na umeme vijijini. Halmashauri inaponunua dizeli kwa fedha zake, sehemu ya fedha hizo hurudi katika mifuko ya Serikali. Inapohamia kwenye gesi isiyotozwa kiasi hicho, halmashauri hupata nafuu, lakini sehemu ya nafuu hiyo ni mapato ambayo mifuko hiyo imeyakosa. Kinachookolewa kwa hakika na taifa zima ni gharama ya kuyanunua mafuta nje na kuyasafirisha, nayo huokolewa kwa fedha za kigeni.

Msomaji atakumbuka mwaka 2022, bei za mafuta zilipopanda duniani. Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 za ruzuku kwa mwezi Juni mwaka huo, na bado mwezi Agosti dizeli ilivuka shilingi 3,300 kwa lita jijini Dar es Salaam. Halmashauri iliyopanga bajeti kwa bei ya mwaka uliotangulia ilijikuta fedha zile zile zinanunua lita chache. Gesi ya ndani haiyumbi kwa kiasi hicho, na utulivu wa bei ni faida hata pale ambapo unafuu ni mdogo.

Hata hivyo bei ya gesi nayo inategemea sera. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 kulitolewa pendekezo la kuitoza gesi ya magari shilingi 382 kwa kilo, na pendekezo hilo lilipingwa na wengi. Likiingizwa katika mfano uliotangulia, kilo 3,333 zingeongezewa shilingi milioni 1.27 kwa mwaka, yaani robo ya faida. Anayewekeza katika mtungi wa kutumika miaka kumi na mitano anahitaji kujua kodi itakavyokuwa kwa zaidi ya mwaka mmoja wa bajeti.

YALIYOTOKEA KATIKA NCHI NYENGINE

New Zealand, nchi ya visiwa yenye gesi yake yenyewe, ilianzisha mpango wa magari ya gesi mwaka 1979 baada ya misukosuko ya bei za mafuta. Serikali ilitoa ruzuku na mikopo nafuu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 magari yapatayo 110,000 yalikuwa yamebadilishwa. Kisha misaada hiyo ikaondolewa na bei ya mafuta duniani ikashuka. Watu wakaacha kubadilisha magari, vituo vikafungwa kimoja baada ya chengine, na waliokwisha kubadilisha wakarudi kwenye petroli.

Nchini India, Mahakama ya Juu iliamuru mwaka 1998 kwamba mabasi yote ya jiji la Delhi yatumie gesi. Kazi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2002, na moshi wa mabasi ulipungua. Lakini katikati ya zoezi hilo magari yaliongezeka kuliko vituo, na madereva wakapanga foleni za saa nyingi kungojea gesi.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1992 iliyozitaka idara za Serikali, kufikia mwaka 1999, zihakikishe kwamba robo tatu ya magari mepesi zinayonunua yanaweza kutumia nishati mbadala. Malori mazito hayakuingizwa katika sharti hilo. Magari yakanunuliwa, ila mengi yakaendelea kujazwa petroli, na sheria nyengine ya mwaka 2005 ikalazimika kutoa ruhusa maalumu kwa magari ambayo hayana kituo cha nishati hiyo karibu.

Nchi hizo tatu hazifanani kwa utajiri wala kwa sheria, ila somo lake ni moja: kituo hutangulia gari, na ahadi ya Serikali hudumu kuliko umri wa mtungi, ama fedha za umma hupotea.

NISHATI NYENGINE ZINAZOTAJWA

Mafuta ya mbono yalizungumzwa sana katika miaka ya 2000. Mbono huota hata katika nchi kavu, na wakaazi wa mikoa ya kati wanaujua kwa kuzungushia ua. Lakini mmea unaoishi bila maji si lazima uzae bila maji. Mavuno katika ardhi kame yalikuwa haba, na shamba kubwa la Kisarawe lililoanzishwa kwa matumaini makubwa lilisimama mwaka 2011. Kwa Bahi, ardhi yenye maji ya kuzalisha mafuta ndiyo ile ile inayolimwa mpunga.

Umeme una matumaini zaidi kwa siku za mbele. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na Dodoma imeunganishwa na gridi ya Taifa. Lori la umeme bado ni ghali kuliko la dizeli, na betri hupunguza mzigo kama ifanyavyo mitungi. Hata hivyo kazi za njia fupi zenye kurudi mahali pamoja kila jioni, kama ukusanyaji wa taka mjini, ndizo zitakazofaa kuanza nazo.

Reli ya kisasa iendeshwayo kwa umeme ni njia nyengine ambayo mara nyingi husahauliwa katika mjadala huu. Treni za abiria zilifika Dodoma mwaka 2024, na Bahi ina stesheni katika reli ya zamani na katika kipande cha reli mpya kiendacho Makutupora. Saruji, mbolea au chakula kikifika Bahi kwa reli, lori hubakiwa na safari ya kutoka stesheni hadi kijijini. Kilomita ambayo lori halikuitembea haihitaji dizeli wala gesi.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo hayo, taasisi yoyote inayokusudia kubadilisha malori yake inashauriwa ipate kwanza majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi:

(a) Kila lori limetembea kilomita ngapi na kutumia lita ngapi kwa mwaka uliopita? Vitabu vya safari vya madereva ndivyo vyenye jawabu. Ikiwa havikujazwa, hesabu haiwezi kuanza.

(b) Kituo cha gesi kiko umbali gani, kinafunguliwa saa ngapi, na gesi ikichelewa kufika kuna akiba ya siku ngapi?

(c) Lori limebakiwa na miaka mingapi ya kazi kabla ya kuuzwa?

(d) Nani atakayelitengeneza? Mafunzo ya ubadilishaji hutolewa na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na matengenezo ya magari ya Serikali ni kazi ya TEMESA. Fundi wa karibu asipokuwepo, safari ya kulipeleka lori karakana ya mbali ihesabiwe.

(e) Fedha za ukaguzi wa mitungi zimo katika bajeti ya kila mwaka, au katika ya mwaka wa kwanza tu?

Kwa Bahi na wilaya zilizo mfano wake, hatua iliyo salama kwa sasa ni kuacha malori ya mbali yaendelee na dizeli huku matumizi yake yakidhibitiwa, kuanza na magari yanayolala na kufanya kazi Dodoma mjini mara kituo cha kudumu kitakapokuwepo, na kutaka kila lori jipya linaponunuliwa lilinganishwe na la gesi kwa gharama za umri wake wote. Kupanga safari, kujaza upepo wa matairi ipasavyo, kusafisha vichujio vya hewa katika vumbi la kiangazi na kutoruhusu lori kurudi tupu huokoa mafuta bila ya kununua mtungi hata mmoja.

Kwa Unguja na Pemba, ambako mafuta yote huletwa kwa meli na masafa ni mafupi, hesabu itatoa majibu tofauti na ya Bahi. Lakini maswali ya kuulizwa ni hayo hayo matano, na yaulizwe kabla ya fedha kutolewa.